Damu kwenye mswaki, jino linacheza: tafuta chanzo kabla ya kufikia koleo

Wengi wanaoingia kwenye chumba chetu cha meno hawaji kutibiwa fizi. Wanakuja kung'oa. Mzee anakaa kitini, anashika jino la mbele kwa vidole viwili, analitikisa, anasema: "Mwanangu, hili limeshakufa, litoe tu." Nikimuuliza lilianza lini kucheza, anasema mwaka jana. Nikimuuliza fizi zilianza lini kutoka damu, anafikiri kidogo. "Ah, hiyo ni tangu zamani. Tangu nikiwa Bahi nalima mpunga."

Hiyo "tangu zamani" ndiyo inayonifanya niandike. Kati ya damu ya kwanza na jino kulegea hupita miaka, na karibu kila mmoja katika miaka hiyo ulikuwa na nafasi ya kuuzuia ugonjwa. Shida ya ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Jino lililotoboka linakuamsha saa nane za usiku. Fizi inayoliwa taratibu inakuacha ulale.

Nimepanga maelezo kwa dalili, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyokuja: na dalili mkononi, jina la ugonjwa hawalijui wala hawalihitaji. Kwanza tuelewane maneno mawili. Ukoga ni ule utando laini, mweupe wa njano, unaoukwangua kwa ukucha asubuhi. Ugaga ni ukoga uliokaa mpaka ukagandamana na madini ya mate na kuwa mgumu kama jiwe. Ukoga unaondoka kwa mswaki. Ugaga hauondoki kwa mswaki hata upige saa nzima.

Mswaki unatoka na damu

Anza hapa hata kama dalili yako ni nyingine.

Ukoga umejaa bakteria hai. Unajikusanya kila siku pale jino linapokutana na ufizi, na katikati ya meno. Usipouondoa, mwili unaleta damu nyingi mahali hapo ili kupambana nao. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu na mwororo, ukiguswa kidogo unavuja. Mswaki haujakukata. Umegusa tu mahali palipokuwa pamevimba tayari.

Hapa ndipo watu wanapokosea, na ninawaelewa. Ukiona damu mwilini mwako, akili inakuambia uache kupagusa. Basi mtu anaruka upande huo wiki nzima "mpaka upone", ukoga unaongezeka, na akirudi na mswaki damu ni nyingi kuliko mwanzo. Anaamini sasa kwamba mswaki ndio adui.

Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, huko Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zikarudi katika hali yake baada ya wiki moja hivi. Hawakupewa kidonge wala sindano. Kilichoondolewa ni ukoga tu.

Kwa hiyo kipimo chako cha kwanza, cha nyumbani, ni hiki: safisha vizuri, hasa pale panapotoka damu, asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa siku 14. Siku tatu au nne za mwanzo damu inaweza kuzidi. Usitishike, endelea.

Namna ya kusafisha ina uzito kuliko aina ya dawa ya meno. Chukua mswaki laini. Nywele zake zilaze mshazari, zielekee pale jino linapoingia kwenye ufizi, nusu zikiwa juu ya jino na nusu juu ya ufizi. Sogeza kwa mwendo mfupi mfupi, meno mawili au matatu kwa wakati, nje na ndani, kwa dakika mbili. Upande wa ndani wa meno ya chini ya mbele husahaulika sana. Hapo simamisha mswaki wima ili uingie. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno au vile vibrashi vidogo, mara moja kwa siku. Tumia dawa yenye floraidi. Ukimaliza, tema povu na usisukutue kwa maji mengi, maana unaiosha floraidi kabla haijafanya kazi. Kwetu Dodoma, ambako mwezi wa kumi dumu la maji linasubiriwa kwa hamu, hii ni habari njema: kikombe kimoja kinatosha kabisa kupiga mswaki na kuosha mswaki wenyewe.

Ambaye anatumia mswaki wa mti asiuone kama wa kimaskini. Shirika la Afya Duniani lenyewe limewahi kuuhimiza kwa walioizoea desturi hiyo. Tafuna ncha mpaka iwe laini kama brashi, sugua taratibu, na kata ile sehemu iliyochakaa kila siku upate nyuzi mpya. Wanaoumia nao ni wale wanaotumia kijiti kikavu, kigumu, wakisugua kama wanaopiga deki.

Baada ya siku 14, angalia matokeo.

Damu imekoma: ulikuwa na uvimbe wa fizi wa hatua ya kwanza, nao unapona kabisa bila kuacha alama. Endelea na mwendo uleule. Ukiacha, utarudi pale pale.

Damu imepungua lakini kuna sehemu inagoma: karibu kila mara ni ugaga. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini ya mbele. Ukihisi mahali pakavu, pa kukwaruza, kama ukuta usiopigwa lipu, huo ndio. Mahali pengine unapopenda kukaa ni upande wa shavu wa magego ya juu. Sehemu hizo mbili zipo karibu na matundu yanayomwaga mate, na mate ndiyo yenye madini yanayougandisha. Hapo unahitaji kukwanguliwa na tabibu wa kinywa na meno. Usijikwangue kwa pini wala wembe. Nimeona fizi zilizochanwa hivyo.

Damu haijapungua hata kidogo, au inatoka yenyewe umekaa tu, au mto una damu asubuhi: tazama mwili mzima. Je, unatoka damu puani, una michubuko usiyojua ilikotoka, vidoa vyekundu kwenye ngozi, homa au uchovu usioisha? Hiyo inahitaji kipimo cha damu hospitali, na isisubiri, kwa sababu magonjwa ya damu na ya ini huweza kuanza kujionyesha kwenye fizi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini, arudi kwa aliyemwandikia. Asiiache mwenyewe.

Kuna vyanzo viwili ambavyo watu wa hapa huvitaja sana. Cha kwanza ni maji ya chumvi. Maji ya visima vyetu yana ladha yake, kweli, lakini hayatoi damu kwenye fizi. Cha pili ni upungufu wa vitamini C. Upo ugonjwa huo, unaitwa kiseyeye, na fizi huvimba na kuvuja damu. Ila humpata mtu aliyekaa miezi bila tunda wala mboga za majani, na mtu anayekula mlenda, mapera na ubuyu hayuko kwenye kundi hilo. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi sana. Mtu ananunua vidonge vya vitamini miezi mitatu, huku ukoga umelala palepale. (Ule ubuyu mwekundu wa pipi ni kitu kingine, sukari iliyomo inaulisha ukoga.)

Wawili ninaowaomba wasisubiri siku 14 peke yao nyumbani. Mjamzito: homoni za ujauzito zinaufanya ufizi uitikie ukoga kwa ukali zaidi, kuanzia kama mwezi wa pili, na hali huzidi kufikia mwezi wa nane. Kukwanguliwa ugaga wakati wa ujauzito ni salama, na miezi ya kati ndiyo yenye raha zaidi kukaa kitini. Dada yangu, usikubali kuambiwa "subiri ujifungue kwanza". Mwingine ni mwenye kisukari. Sukari ikiwa juu fizi zinaharibika upesi, na fizi zikiwa na uvimbe wa muda mrefu sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Nimewahi kumwambia mama mmoja akapime sukari kwa sababu tu majipu ya fizi yalikuwa yanamrudia rudia. Ilikuwa juu sana, naye hakuwa na habari.

Damu haitoki, lakini fizi haziko sawa

Mvutaji wa sigara mara nyingi ananiambia kwa kujiamini kwamba fizi zake ni nzima, hazijawahi kutoka damu. Nikipima, nakuta mfupa unaoshika meno umeshaliwa nusu. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu na kuzima ile dalili ya kwanza. Ugonjwa upo, kengele yake ndiyo imekatwa waya. Ufizi wa mvutaji huwa mgumu, umepauka, wakati chini yake mambo yanakwenda vibaya kuliko kwa asiyevuta. Na matibabu kwake yanakwenda polepole mpaka aache. Akiacha, damu inaweza kuonekana kwa muda. Hiyo ni dalili kwamba ufizi umeamka.

Wazee wetu wa ugoro na tumbaku ya kutafuna, tazameni pale mnapoiweka. Ufizi wa mahali hapo hurudi nyuma, na ngozi laini ya mdomo hupata doa jeupe lenye mikunjo lisilofutika kwa kidole. Doa hilo, au kidonda chochote mdomoni ambacho kimepita wiki tatu bila kupona, kikaonwe na daktari. Saratani ya kinywa huanza kimya hivyo hivyo.

Kinywa kinanuka

Pitisha uzi au kijiti safi kati ya magego, subiri kidogo, unuse. Kisha kwangua nyuma ya ulimi kwa kijiko, unuse. Uzi ukinuka, chanzo ni fizi au mabaki ya chakula. Nyama ya mbuzi ya mnada wa Msalato ni tamu, lakini nyuzi zake zinakaa kati ya meno siku mbili usipozitoa. Kijiko kikinuka, safisha ulimi kila siku. Visiponuka vyote viwili, angalia koo na pua. Kinywa kikavu kinazidisha yote hayo, hivyo kunywa maji. Pipi za kuficha harufu hazitibu chochote.

Meno yanaonekana marefu, maji baridi yanachoma

Ufizi umerudi nyuma na mzizi uko wazi. Vyanzo ni viwili vikubwa, na matibabu yake yanapingana, kwa hiyo tofautisha kabla hujafanya lolote.

Simama mbele ya kioo penye mwanga. Ikiwa ufizi uliorudi ni wa rangi nzuri, umekaza, hautoi damu, na mahali penyewe ni upande wa shavu kwenye meno ya chonge na yale yanayoyafuata, basi ni nguvu ya mkono wako. Mara nyingi anayetumia mkono wa kulia huumia zaidi kushoto. Mswaki mgumu, mkaa, majivu na mchanga vinafanya kazi hiyohiyo ya msasa. Badilisha mswaki uwe laini, shika kwa vidole kama unavyoshika kalamu, acha mkaa, tumia dawa ya meno ya kupunguza mchomo wa baridi. Ufizi uliorudi haupandi tena wenyewe, ila unaweza kuuzuia hapo hapo.

Ikiwa ni mwekundu, umevimba, unavuja, na mapengo meusi yametokea kati ya meno, huo ni ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa. Ruka uende kwenye sehemu ya jino linalocheza.

Meno ya kahawia

Kanda ya kati, Singida hasa, kuna maeneo ambayo maji ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengwa taya­ni hutoka na meno yenye mistari myeupe au rangi ya kahawia. Rangi hiyo imo ndani ya jino. Haikwanguliki, haileti ugonjwa wa fizi, na si uchafu. Nimekutana na mabinti wanaosugua meno yao kwa mkaa mpaka fizi zinatoka damu, wakijaribu kuondoa kitu ambacho walizaliwa katika maji yake. Inaniuma kila mara.

Tofautisha hivi: rangi ya floraidi ni laini ukipitisha ukucha, na ipo kwenye uso wa jino, meno ya pande zote mbili yakifanana. Ugaga unakwaruza na umekaa pembezoni mwa ufizi. Rangi ya chai na tumbaku iko juu juu na inatoka ukisafishwa.

Ufizi umevimba sehemu moja, kuna usaha

Kama uvimbe uko nyuma kabisa, kwenye gego la mwisho, na wewe una miaka kama 17 hadi 25, huenda gego hilo linaota na kipande cha ufizi kimelifunika nusu, chakula kikaingia chini yake. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja, mara nne kwa siku, safisha pale kwa mswaki mdogo, na nenda ukaonwe.

Kama ni kipele kwenye ufizi kinachopasuka na kujaa tena, na jino lake limetoboka au liliwahi kuuma sana kisha likanyamaza, chanzo ni jino lenyewe lililokufa ndani. Kusafisha fizi hakutasaidia. Linahitaji tiba ya mzizi au kung'olewa.

Kama jino ni zima lakini limezungukwa na ufizi uliovimba, ukibonyeza usaha unatoka pembeni, ni jipu la fizi. Linatolewa usaha na kusafishwa ndani.

Katika yote hayo, sikiliza: ukishindwa kufungua mdomo, ukimeza kwa shida, uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukipata homa kali au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku. Uvimbe wa chini ya taya unaweza kuziba njia ya hewa. Usingoje basi la asubuhi.

Fizi zinaota na kufunika meno

Toa vidonge vyote unavyotumia uvisome majina. Fenitoini ya kifafa, nifedipini na amlodipini za presha, na saiklosporini ya waliopandikizwa figo zinaweza kukuza fizi. Usiziache, kifafa na presha vinaua. Mwambie daktari wako aone kama kuna mbadala, na ongeza usafi, kwa sababu dawa hizi hukuza zaidi ufizi wenye ukoga. Kwa mjamzito, kinundu chekundu kimoja kinachovuja damu kwa urahisi mara nyingi hunywea baada ya kujifungua.

Vidonda vya ghafla, maumivu na harufu kali

Ugonjwa wa fizi hauumi, nimesema. Huu ni aina inayouma. Ndani ya siku chache vile vilele vya ufizi katikati ya meno vinaliwa, vinabaki kama vimenyofolewa, vimefunikwa na utando wa kijivu, na harufu inamtangulia mtu mlangoni. Huwapata vijana waliochoka, wasiolala, wasiokula vizuri, wanaovuta. Wanafunzi wa chuo wakati wa mitihani nimewaona. Pia huwapata watu ambao kinga imeshuka. Kwa hiyo nikiuona, naomba mgonjwa apime VVU, bila kumhukumu. Unatibika haraka: kusafishwa kwa upole, dawa ya kusukutua, na metronidazo kwa siku chache kwa maelekezo ya tabibu. Ukiitumia metronidazo, pombe weka kando kabisa.

Kwa mtoto mdogo aliyedhoofu, hasa aliyetoka kuugua surua au malaria, kidonda cha ufizi chenye harufu na shavu linalovimba ni dharura. Kinaweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula uso kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Ukiwahi, antibayotiki na lishe vinauzuia. Mama, usimfunike khanga kwa aibu. Mlete leo.

Mtoto mchanga na "meno ya plastiki"

Siwezi kupita hapa bila kulisema. Mtoto ana homa, anaharisha, bibi anapapasa ufizi na kukuta uvimbe mweupe pale chonge zinapokaa, na anasema ni meno ya plastiki, yatolewe. Shikamoo bibi, na kwa heshima zote: uvimbe ule ni jino la kawaida la utotoni linalosubiri zamu yake. Kila mtoto anao. Homa na kuharisha vina chanzo kingine, na ndicho kinachohitaji zahanati na maji ya chumvichumvi ya kuharisha. Kuchimbua ufizi kwa msumari au spoku ya baiskeli kumeleta pepopunda, maambukizi ya damu na vifo, na wanaopona mara nyingi chonge zao za ukubwani hutoka zimeharibika au hazitoki.

Dawa za dukani

Amoksilini ya kununua kwa kadirio, vidonge sita "vya kukausha", haitibu ugonjwa wa fizi. Bakteria wamejikinga ndani ya ukoga na ugaga kama watu ndani ya ngome. Dawa inapita nje. Uvimbe unapungua wiki moja, unarudi, na safari hii bakteria wengine wameizoea dawa. Antibayotiki ina nafasi yake pale usafi umeshafanyika au maambukizi yameenea, na anayeamua ni tabibu.

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini asilimia 0.2 inasaidia: mililita 10, dakika moja, mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili hivi. Ukiitumia zaidi inatia meno rangi ya kahawia na kubadilisha ladha ya chakula. Usiitumie papo hapo baada ya dawa ya meno. Subiri nusu saa. Maji ya chumvi yanatuliza, na ni ya bei ya kila mtu, ila hayaondoi ukoga. Karafuu inatuliza maumivu tu. Maji ya betri, ambayo bado kuna watu wanadondoshea jino, yanaunguza ufizi na mfupa. Tafadhali, hapana.

Jino linacheza

Sasa tumefika kwa yule mzee.

Jino halijashikwa na ufizi; limeshikwa na mfupa. Uvimbe ukikaa miaka, ufizi unabanduka kutoka kwenye jino na kutengeneza mfuko. Ukoga unashuka humo, unageuka ugaga chini ya ufizi, na mfupa unarudi nyuma kuukimbia. Tabibu anapima mfuko kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4, ikitoka damu, kuna kazi. Sita au zaidi, kazi ni kubwa. Kama tabibu amekwambia una ugonjwa wa fizi bila kupima mifuko, mwombe kwa adabu akupimie.

Kwanza ondoa vyanzo vingine vya jino kucheza. Uligongwa, ulianguka na bodaboda? Unasaga meno usiku? Umepata jipu? Hivyo vinaweza kulegeza jino moja na likakaza tena. Lakini meno kadhaa yakicheza pamoja, ni mfupa.

Na hapa niwaite wazazi: kijana wa miaka 15 au 16, meno masafi, ukoga kidogo tu, lakini meno ya mbele na magego ya kwanza yanacheza au yanaachana. Hiyo ni aina inayokwenda mbio, huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko wengine, na hutembea katika ukoo. Usimlaumu kwamba hapigi mswaki. Mpeleke upesi, na ndugu zake wote wapimwe.

Tiba ya mfupa ulioliwa inahitaji subira kuliko kitu kingine chochote. Tabibu anachoma ganzi, anakwangua ugaga wa juu na wa chini ya ufizi, analainisha mizizi, mara nyingi kwa awamu mbili hadi nne. Baada ya wiki sita hadi kumi na mbili anapima tena. Mifuko iliyobaki mirefu inarudiwa, au inafunguliwa kwa upasuaji mdogo kwenye hospitali ya rufaa. Kisha unarudi kila miezi mitatu au minne, kwa miaka.

Nikuandae kwa jambo linalowakimbiza wagonjwa wengi baada ya awamu ya kwanza: uvimbe ukinywea, meno yanaonekana marefu zaidi, mapengo yanaonekana, maji baridi yanachoma. Wanasema "amenilegeza meno". Ugaga ulikuwa umeziba mapengo hayo kama saruji mbovu. Ulichokiona ni ukubwa halisi wa hasara, na mchomo wa baridi hupungua baada ya wiki kadhaa. Mfupa uliopotea kwa sehemu kubwa haurudi, lakini uliobaki ukitunzwa unabeba jino miaka mingi. Jino linalocheza kidogo kwa pembeni linaweza kukaza baada ya uvimbe kuisha, au likafungwa na wenzake kwa waya.

Koleo lina siku yake. Jino linalozama ukilibonyeza na kupanda ukiliachia, au linalojaa usaha kila mwezi baada ya kusafishwa vizuri, ni bora litoke kabla halijaharibu mfupa wa jirani. Yule mzee tulimtoa hilo moja la mbele, lilikuwa limefika huko. Mengine sita yaliyokuwa yakicheza tuliyasafisha, akarudi baada ya miezi mitatu, mifuko ya milimita 6 imekuwa 4, ugoro amepunguza lakini hajaacha, tunaendelea kuzungumza.

Ukifika dirishani kwenye kituo cha afya au hospitali, usiseme umekuja kung'oa. Sema fizi zako zina shida, unataka mifuko ipimwe na ugaga ukwanguliwe. Kama kituo hakina vifaa, omba rufaa uandikiwe siku hiyo hiyo. Uliza gharama, na kama una bima uliza inalipia nini, kabla ya kukaa kitini. Taja kisukari, presha, ujauzito, sigara, na dawa zako zote. Ukishindwa kukumbuka majina, beba vidonge vyenyewe ndani ya mfuko. Beba na mswaki wako pia. Tabibu akiuona, na akakuona unavyoutumia, atajua mengi ambayo kioo chake kidogo hakimwonyeshi.